Kiongozi wa Mashtaka Si Wakili Wako, Lakini Mtafute

Dadangu alipigwa na jirani akavunjika mkono, na kesi ikafika Mahakama ya Makadara hapa Nairobi. Nilimsindikiza tangu kuandikisha taarifa hadi hukumu, na haya ndiyo ninayomwambia kila anayeniuliza.

Wengi bado wanadhani polisi ndio wanaoshtaki. Zamani inspekta ndiye aliyesimama kortini. Katiba ya 2010, kifungu cha 157, ilimpa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma jukumu hilo, na leo utakayemkuta kortini ni kiongozi wa mashtaka, yaani wakili kutoka afisi yake, ODPP. Polisi wanachunguza, yeye anapima ushahidi na kuamua kama mtu atashtakiwa. Mshahara wake unatoka kwa serikali, kwa hivyo mtu akikuomba pesa ili "faili isonge", usitoe hata shilingi.

Kesi ya jinai huitwa Jamhuri dhidi ya fulani. Ingawa wewe ndiye uliyeumizwa, kortini ni shahidi, na kiongozi wa mashtaka ni wakili wa Jamhuri. Usisubiri akupigie simu. Pale Makadara huingia na rundo la faili kwapani kabla ya hakimu kuketi, akaanza kuita kesi moja moja akiuliza mashahidi gani wapo. Dakika hizo chache ni zako. Fika kabla ya saa tatu, mwambie wewe ni mlalamishi katika kesi nambari fulani, umuulize kama leo kesi ni ya kutajwa tu, bila ushahidi kutolewa, au ya kusikilizwa. Kabla ya kutoa ushahidi, omba kusoma tena taarifa uliyoandikisha kituoni. Miezi ikishapita, mtu huchanganya kama rungu lilianza begani au mkononi, na wakili wa mshtakiwa hukubana hapo hapo.

Hifadhi nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi), nakala ya fomu ya P3 (fomu ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha), karatasi za hospitali, na simu ya afisa wa upelelezi. Siku moja kesi yetu iliahirishwa kwa kuwa faili ya polisi haikuletwa. Dada alikuwa na nambari ya afisa, kiongozi wa mashtaka akampigia tukiwa tumesimama pale, na tarehe iliyofuata faili ilikuwepo.

Usikose siku ya kusikilizwa. Mlalamishi asipofika bila sababu, hakimu anaweza kumwachilia mshtakiwa. Jamaa wakija usiku kuwasihi mmalizane nyumbani, kumbukeni kesi iliyo kortini haiondolewi bila ruhusa ya mahakama. Na mkitishwa, mwambieni kiongozi wa mashtaka siku hiyo hiyo, kwa sababu anaweza kuiomba mahakama ifute dhamana. Hatari ikiwa kubwa, ipo Mamlaka ya Kuwalinda Mashahidi.

Tena kuna haki ambayo watu wachache huitumia: Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inamruhusu aliyeumizwa kueleza mahakama jinsi alivyoathirika, kabla ya adhabu kutolewa. Dadangu, ambaye ni fundi cherehani, alieleza jinsi alivyoshindwa kushona. Inafaa umwambie kiongozi wa mashtaka mapema kwamba unataka kusema.

Na ukiona hamsikilizani, iandikie afisi yake barua. Taja nambari ya kesi, mahakama, na tarehe inayofuata. Bila hayo itakaa mezani.