Kumbe Ni ya Nani? Niliyojifunza kwa Kumbadilisha Msimulizi

Mwaka juzi nilihangaika na hadithi fupi ya mkulima wa viazi wa Isyonje, kando ya barabara ipandayo Kitulo, ambaye anamuuzia dalali mavuno yake kwa lumbesa, yaani magunia yanayopitiliza kilo 100 zinazoruhusiwa kisheria. Niliiandika kwa msimulizi maizi, yule anayejua yaliyomo moyoni mwa kila mhusika. Walioisoma waliisifu lugha, kisha wakanyamaza. Ukisifiwa hivyo, ujue kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa katika aya ya kwanza, ambamo msimulizi wangu alikuwa ameshasema kwamba mkulima anakubali kupunjwa kwa sababu anadaiwa fedha alizokopa kwa dalali huyo kulipia ada ya mwanawe. Msomaji hakubakiwa na la kutafuta isipokuwa kuhurumia.

Nikampa usimulizi mwanawe mwenye miaka 12, anayeshika gunia wakati linashonwa. Yeye anamwona baba yake akicheka mizaha isiyochekesha, anamsikia akinong'ona, "Na ile ya Januari?", na anamwonea aibu. Deni halitajwi popote, lakini msomaji analielewa kabla ya mtoto, na dharau ya mtoto ndiyo inayomchoma.

Usidhani kazi hii ni kugeuza "a-" kuwa "ni-". Ilinibidi kufuta karibu theluthi ya hadithi, kwa kuwa mtoto hawezi kujua baba anakumbuka nini mvua inapoanza. Neno "kumbe", nililolitumia mara tatu katika rasimu ya kwanza, lilinifedhehesha zaidi: msimulizi ajuaye yote anashangaa nini? Kumbe ni ya mtu anayegundua, kama vile "eti" ilivyo ya mtu asiyeamini alichoambiwa, na maneno hayo mawili yatakuonyesha haraka kama umemjua anayesimulia.

Kurudi upande wa pili kuna mtego wake. "Nilimwambia alipe" inaeleweka. "Alimwambia alipe" inaacha swali la nani alimwambia nani, kwa kuwa Kiswahili humpa kila mtu "a-" ileile, mwanamume kwa mwanamke. Utalazimika kuongeza majina na "yule", na kila unapoongeza, msomaji anasogezwa hatua moja mbali na mhusika.

Nilimjaribu pia dalali, ukurasa mmoja tu, na ningekushauri uanze hivyohivyo: chagua tukio lenye siri nyingi, uliandike upya kwa kinywa kingine kabla ya kuigusa hadithi nzima. Dalali wangu alijiona msaada kwa wakulima, na jina la yule mzee hakulikumbuka. Sikuutumia ukurasa ule, ingawa hilo la jina bado linaniuma.

Hadithi niliyoibakiza ni ya mtoto, ikiwa na "kumbe" moja katika sentensi ya mwisho. Nilipoisoma kwa sauti nikaifuta nayo, kwa sababu ilikuwa ya msomaji.