Mac mpya, zana za zamani zimegoma

Swali: Naombeni msaada, nimehamisha vitu vyangu toka Mac ya Intel kwenda ya M1, sasa kila nikiita wget (programu ya kupakua faili) kwenye Terminal inaniambia “bad CPU type in executable”. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea ndugu yangu, hiyo wget ulohama nayo ni ya Intel, iko /usr/local, na chipu yako ni ARM, aina nyingine kabisa, haiwezi kuiendesha bila Rosetta 2, kitafsiri cha Apple cha programu za Intel. Ila usikimbilie Rosetta, utabeba mzigo wa zamani bure. Piga xcode-select --install kwenye Terminal kupata zana za Apple za kujengea programu, kisha sakinisha upya Homebrew, kisakinishi cha programu za Terminal, yenyewe itakaa /opt/homebrew, halafu hakikisha /opt/homebrew/bin inatangulia kwenye PATH (orodha ya folda ambamo Terminal hutafuta programu), hapo ndo wengi wanakwama kabisa. Ukiandika which brew ikajibu /opt/homebrew/bin/brew, vuta wget upya kwa Homebrew hiyo.