Maswali yenu: aliyebonyeza ndo mwenye picha?

Swali, kutoka Malindi:

Shikamoo mwalimu. Mie na mwenzangu tunafanya kazi saluni moja, jioni tukishafunga tunapiga picha nyeusi na nyeupe kwa simu, tulianza kwa mchezo tu lakini sasa imekua kitu kikubwa. Navaa koti la marehemu babangu na kofia yake ya viua, nachora sharubu kwa wanja, nakaa vile alivyokua akikaa barazani. Siku nyengine navaa buibui la nyanya, siku nyengine nakaa hivi hivi bila mekapu hata chembe, na hiyo ndo picha inayonitia hofu zaidi. Mimi napanga kila kitu ila mwenzangu ndo anashika simu, ananiambia geuza shingo, usicheke, mwanga huo mbaya. Sasa kuna kaka wa picha hapa mtaani ametwambia hizo si picha za kujipiga kwa sababu sikubonyeza mimi, kwahiyo mwenye picha ni mwenzangu. Na shangazi kaziona kwa simu kasema mwanamke kujitia ndevu ni kuiga wazungu. Hizi picha ni za nani? Na je tuna wazimu?

Jibu:

Marahaba binti yangu. Wazimu hamna. Nianze na huyo kaka wa picha, maana anachosema kinasemwa na wengi, hata wenye kamera za bei mbaya.

Kuna watu wawili wa mji wa Nantes, Ufaransa. Mmoja alizaliwa Lucy Schwob mwaka 1894 akajiita Claude Cahun, wa pili alikua Suzanne Malherbe, mchoraji, akajiita Marcel Moore. Walikua wapenzi tangu ujana, afu mwaka 1917 babake Claude akamuoa mamake Suzanne aliyekua mjane, yaani juu ya mapenzi wakawa pia ndugu wa kambo. Hawa ndo waliopiga zile picha ambazo leo kila anayesoma mambo ya jinsia na picha anaonyeshwa. Kuna moja ya kama 1927, Claude kavaa kama mbeba vyuma wa sarakasi, kashika vyuma, mashavuni kachora mioyo, kifuani kuna maandishi ya Kiingereza yanayosema niko mazoezini msinibusu. Kuna nyengine ya 1928 kichwa kimenyolewa, na kwa kuunganisha picha mbili vimetoka vichwa viwili vya mtu mmoja vinatazamana kama wanagombana. Na kuna ile ya kwenye kioo, Claude kavaa koti la mirabaraba, nywele fupi kabisa, kioo kiko pale pale lakini hakitazami, anakutazama wewe. Hapo huoni mwanamume wala mwanamke anayetaka kukufurahisha, unaona mtu anayekuuliza unataka nini.

Sasa nani alibonyeza? Mara nyingi ni Moore. Kuna mpaka picha ambazo kivuli chake kimeingia chini kwenye fremu na hawakukitoa. Na kwenye kioo kile kile kuna picha ya Moore pia, kwahiyo walikua wakipokezana. Kwa miaka mingi zikaitwa picha za Cahun alizojipiga, jina la Moore likipotea kabisa, siku hizi baadhi ya makumbusho yanaandika majina yote mawili, na mimi naona ndo haki. Huwezi kumtazama hivyo mtu usiyemwamini. Uso ule umetoka vile kwa sababu aliyekua nyuma ya kamera alikua Moore, angekua fundi wa kukodi ungepata pozi la paspoti.

Nitoke nje ya mada kidogo. Mwaka 1937 wakahamia kisiwa cha Jersey, kati ya Uingereza na Ufaransa, mwaka 1940 Wajerumani wakakiteka. Hawa wawili, watu wazima wa miaka arobaini na kitu, wakaanza kuandika vikaratasi kwa Kijerumani vya kuwakatisha tamaa askari wa Hitler na kuvitia sahihi ya mwanajeshi asiye na jina, wakivisambaza kisirisiri. Walikamatwa 1944, wakahukumiwa kifo, adhabu haikutekelezwa, vita ilipoisha 1945 wakatoka. Kuna picha ya mwaka huo Claude kaiuma beji ya Kinazi kwa meno. Ukiiona utaelewa kwamba kujivika sura ya mtu mwengine kwa hawa haikua mambo ya fasheni, walishazoea kuwa watu wengi na hiyo ikawasaidia palipokua na hatari.

Kwahiyo jibu langu, picha ni zenu wote wawili. Na kwa sheria, wewe uko Kenya, sheria ya hakimiliki ya 2001 inasema mtunzi wa picha ni yule aliyehusika na mpangilio wake, haisemi mwenye kidole. Wewe unapanga mavazi na mkao, mwenzako anapanga mwanga na pembe, basi mmetunga pamoja. Liandikeni hilo leo mkiwa mnapendana, karatasi moja inatosha: majina mawili kwa kila picha, hakuna anayeuza wala kuposti bila mwenzake kukubali, na yeyote akisema hii isitoke basi haitoki hata kama ndo nzuri kuliko zote. Hilo la mwisho msilipuuze. Ile yako ya bila mekapu inayokutisha iko kwenye simu ya nani?

Kuhusu shangazi, mwambie kwa heshima kwamba huko nyuma Mombasa kina bibi wa vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, enzi za mkoloni, walikua wakishindana kwa mavazi mpaka wakavaa yunifomu kama maofisa wa kiume na kuandamana nazo, watu wakajaa kutazama. Uzungu uko wapi hapo? Ila na wewe elewa, shangazi kaona koti la kakake aliyefariki kwenye mwili wako, huenda kinachomuuma si ndevu. Mkalie umueleze ulikua unamtafuta nani. Na mtandaoni nenda taratibu, mji mdogo una midomo mikubwa.

Swali, kutoka Nakuru:

Mbona wasanii wa hizi mambo za identity wanapenda nyeusi na nyeupe? Si ni uvivu tu, ama ni kutaka ionekane ya zamani?

Jibu:

Wengine ni uvivu kweli, siwatetei. Mpiga picha Samuel Fosso hakua na shida hiyo. Alifungua studio Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13, mchana anapiga wateja, jioni fremu zilizobaki kwenye filamu anazimalizia kwa kujipiga mwenyewe na mabuti ya soli ndefu na mashati ya kubana, picha anatuma kwao Nigeria waone mzima. Baadaye, 2008, akaja na mfululizo wa picha uitwao African Spirits, nyeusi na nyeupe, humo ndani amekua Lumumba, amekua Nkrumah, amekua hadi Angela Davis, yule mwanaharakati wa Marekani, na afro yake. Rangi ingekuwepo ungeanza kuangalia wigi na lipstiki. Ikiondoka unabaki na shingo, macho, bega limekaaje.

Zanele Muholi, mpiga picha wa Afrika Kusini naye, asiyejitambulisha kama mwanamume wala mwanamke, kwenye mfululizo wa picha zake uitwao Somnyama Ngonyama anapandisha kontrasti, yaani tofauti ya giza na mwanga, makusudi mpaka ngozi inakua nyeusi tititi na macho yanawaka. Kavaa vibanio vya nguo na steel wool kichwani kama taji, kwa ajili ya mamake Bester aliyefanya kazi za ndani nyumba ya wazungu miaka mingi.

Kama unataka kujaribu, piga kwa rangi kwanza afu ugeuze, kwa sababu kwenye kuediti ukipandisha nyekundu na chungwa ngozi yetu inapata mwanga, ukishusha inakua nzito. Ukipiga moja kwa moja nyeusi na nyeupe huo uhuru umeutupa. Jengine, kamera ya otomatiki inadhani dunia nzima ni kijivu cha wastani, ukivaa kanzu nyeupe inapunguza mwanga wa picha nzima na uso unazama. Gusa uso kwenye skrini, pandisha kidogo mpaka uone kipaji cha uso, nakshi za kanzu zikipotea kidogo shauri yake. Dirisha moja la ubavuni saa kumi jioni linatosha, na nyuma weka kanga yenye rangi iliyokolea.