Re: Hatari! inanilaza kila nikiianza
Mambo mkuu, umesema ile filamu ya Hatari! ya 1962 umeianza mara tatu na kila ukifika katikati usingizi, unauliza kama shida ni wewe. Cheki kwanza unasubiri nini, maana kama unasubiri stori ikaze utalala tena, ni dakika 157 hizo na mwongozaji wake Howard Hawks alichotaka ni ile kazi ya kukamata wanyama. Mi nikiiweka narudia yule faru wa mwanzoni, gari linakimbia naye sambamba, anageuka anaipiga na pembe mpaka jamaa anaumia mguu, na ni faru wa kweli yule! Halafu tazama nyuma ya waigizaji, ile si ndiyo Momella yetu hii ya Arusha, enzi za Tanganyika. Yale mapenzi ya katikati ruka tu, hata mi sijawahi kuyapenda.