Jibu: Kama jua ni la bure, mbona sola ina gharama?

Mkuu, umeuliza kwa nini fundi anakutajia hela nyingi wakati jua halitumi bili. Jua ni la bure kweli, ila umeme siyo jua. Unacholipia ni vile vyombo vinavyogeuza kimoja kuwa kingine, na vyombo vinachakaa. Hata kule Olkaria, Kenya, wanakozalisha umeme kwa mvuke wa ardhini, mvuke wenyewe hauuzwi na mtu, lakini kuchimba kisima cha kilomita mbili au tatu kwenda chini ni pesa ndefu.

Mimi nina paneli ya wati 100 juu ya bati. Siku ya jua kali napata kama wati-saa 400 (yaani wati mara masaa); nyingine zinapotelea kwenye joto, nyaya na betri. Paneli yenyewe nikiifuta vumbi itafika miaka 20 na zaidi. Mwizi ni betri. Ile ya kwanza, ya asidi, kila usiku nilikuwa naikamua mpaka TV inajizima yenyewe. Mwaka wa pili ikawa haishiki chaji hata ya taa moja. Kumbe betri za asidi hazitakiwi kushushwa chini ya nusu ya chaji, na fundi wangu alikaa kimya (hela alishapokea).

Kwa hiyo kabla ya kuongeza paneli, kagua matumizi. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka masaa matano imekula wati-saa 300, yaani robo tatu ya mavuno yangu. LED ya wati 9 inakula 45 tu. Pasi na hita ya maji sahau kwanza.