Pishori kuungua kingo za majani: angalia kwanza nyasi zako zinaenda wapi

Ndugu, umesema pishori yako, mpunga wetu wa kunukia, hapa Mwea inakauka ncha na kingo za majani ya chini, inalala kabla ya kukatwa, na magunia yanapungua ilhali mbolea za DAP na SA unaweka kama kawaida. Shamba langu la Tebere lilinifanyia hivyo misimu mitatu. Nilinunua dawa ya ukungu mara mbili nikidhani ni blasti, ugonjwa wa ukungu wa mpunga, pesa zikaenda bure.

Tazama mbolea zako. DAP ina nitrojeni na fosfati, SA ina nitrojeni na salfa. Potasiamu, kirutubisho kingine ambacho mpunga unahitaji, haimo. Mmea ukiikosa huitoa kwenye majani makuukuu na kuipeleka kwa machanga, ndiyo sababu ya chini hutangulia kuungua, kuanzia ncha kushuka kingoni. Blasti huja na madoa yenye umbo la jicho, kijivu katikati. Kagua hilo kabla hujaenda dukani.

Sasa potasiamu huenda wapi? Ni kidogo tu huingia kwenye punje. Karibu asilimia 80 ya ile mpunga ulionyonya hubaki kwenye nyasi, yaani mabua na majani yanayobaki baada ya kupura, nami nyasi nilikuwa nauza zote, lori la wafugaji likipakia beli siku ile ile ya kupura. Tani moja ya nyasi kavu hubeba takriban kilo 15 za potasiamu. Ekari yangu hutoa kama tani 2, yaani kilo 30. Mfuko wa kilo 50 wa MOP, mbolea ya potasiamu, una kilo 25 hivi. Kila msimu nilikuwa nauza zaidi ya mfuko mzima wa mbolea kwa bei ya nyasi! Iliniuma sana nilipopiga hesabu hiyo.

Si sisi tu. Punjab kule India, ambako mpunga na ngano hupokezana shamba moja kila mwaka, majani ya ngano pia huishia kwa ng'ombe. Udongo wao una madini ya maika yanayoachilia potasiamu polepole, hivyo shamba huvumilia miaka mingi huku akiba yake ikiliwa kimyakimya.

Wengine watakwambia uchome. Usichome. Potasiamu nyingi hubaki kwenye majivu, lakini nitrojeni karibu yote hupotea, na majivu hulala pale pale rundo lilipokuwa. Kwangu, mahali pa kupuria palipochomwa mabaki, mpunga ulisimama vizuri, hatua kumi kando umelala.

Siku hizi nakata juu kidogo, mashina marefu yabaki. Potasiamu haijafungwa ndani ya nyasi, maji huiosha na kuirudisha udongoni ndani ya wiki chache. Nusu ya nyasi bado nauza, kwa masharti kwamba lori lirudi na samadi, hasa matandiko yaliyolowa mkojo, maana potasiamu ya ng'ombe hutokea zaidi huko. Juu yake naongeza nusu mfuko wa MOP kwa ekari kabla ya kupandikiza. Msimu wa pili mpunga ulisimama hadi siku ya kukata.

Wako kama haujaanza kutunga masuke, weka robo mfuko wa MOP kwa ekari pamoja na SA ya mwisho. Kama umeshachanua, umechelewa msimu huu: ukivuna, pima udongo kwanza, na beli zisitoke shambani kabla majibu hayajarudi.