Muulize Fundi: Betri Kwanza, Koili Baadaye

Barua tatu za mwezi huu, kutoka Mbeya, Njombe na Iringa, zinahusu jambo moja, yaani koili za sigara za kielektroniki (waya uliozungushwa unaopata moto na kugeuza juisi kuwa mvuke) na ukinzani wake. Fundi wetu wa vifaa vya umeme amezijibu kwa pamoja.

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni dereva wa bodaboda, nina miaka 27, naishi Mwanjelwa. Mwaka jana niliacha sigara za kawaida nikahamia zile za kielektroniki ambazo vijana huziita vepu. Yangu ni bomba la chuma lisilo na kioo wala kitufe cha kupunguza nguvu. Unaweka betri moja ya 18650, unabonyeza, unavuta. Koili naifunga mwenyewe. Rafiki yangu ananiambia nishushe ukinzani (jinsi waya unavyozuia umeme, hupimwa kwa omu) hadi omu 0.1 ili nipate moshi mwingi, na kwamba waya naweza kuutoa kwenye jiko la umeme lililokufa, au nitumie waya wa bainda unaofungia nondo. Betri niliyonayo nimeitoa kwenye tochi na imeandikwa mAh 9900, yaani ujazo wake. Je, niko salama?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hauko salama, na ninakuomba utoe betri hiyo kwenye bomba kabla hujaendelea kusoma.

Bomba la aina yako halina saketi yoyote ya ulinzi ndani yake. Kitufe chake ni swichi tu, kama ile ya taa ukutani, na ukikibonyeza hakuna kitu kinachouzuia umeme wa betri isipokuwa ukinzani wa koili uliyoifunga kwa mikono yako. Hapo ndipo kanuni ya Ohm, iliyochapishwa mwaka 1827 na ambayo bila shaka uliandikiwa ubaoni ukiwa sekondari, inapokuwa jambo la kulinda vidole na uso wako: chukua volti, gawanya kwa omu, unapata ampea, yaani kiasi cha umeme unaopita. Betri ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2. Ukigawanya kwa 0.1 unapata ampea 42. Betri nzuri na halisi zinazofaa kazi hii, kwa mfano Samsung 25R yenye mAh 2500, zimepimwa kutoa ampea 20 mfululizo. Zipo chache zinazofika 25 au 30, na kwa kawaida kadiri betri inavyojaliwa ujazo mkubwa ndivyo ampea zake zinavyopungua. Kwa hiyo rafiki yako anakutaka uidai betri mara mbili ya uwezo wake, na betri ya lithiamu iliyozidiwa hupata joto kutoka ndani, na joto hilo likipita kiasi huendelea kujizalisha lenyewe hata ukiachia kitufe, hadi betri iteme gesi na moto. Ikiwa ndani ya bomba la chuma lisilo na matundu ya kupumulia, bomba hilo hupasuka.

Sasa tuiangalie betri yako. Namba 18650 ni kipimo cha umbo: kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Katika umbo hilo, betri halisi zinazouzwa kwa wingi huwa na ujazo wa kati ya mAh 2000 na 3500. Anayechapisha 9900 amedanganya, na mtu aliyedanganya kuhusu ujazo hawezi kuaminiwa kuhusu ampea. Irudishe kwenye tochi yake, ambayo hunywa umeme kidogo sana. Betri zinazochomolewa kwenye kompyuta za mkononi nazo ni vivyo hivyo; nyingi zilitengenezwa kutoa umeme taratibu kwa saa kadhaa, hazikutengenezwa kuutoa kwa kishindo ndani ya sekunde tatu.

Ndiyo maana ninasema uanze na betri, ujue ampea zake za kweli, kisha ndipo uchague ukinzani. Kwa betri ya ampea 20, koili ya omu 0.2 tayari inadai ampea 21, yaani imevuka mpaka. Ya omu 0.3 inadai 14. Ya omu 0.5 inadai ampea 8.4 na kutoa takriban wati 35, na hizo zinatosha kabisa kwa mtu anayetaka kukaa mbali na sigara. Mimi singekuruhusu ushuke chini ya omu 0.4, inayodai ampea 10.5, kwenye bomba hilo. Najua wapo watakaosema ninaogopa kupita kiasi, lakini betri huzeeka, kipimo hukosea, na mguu wa koili unaweza kusogea ukiwa barabarani. Nusu ya uwezo inayobaki ndiyo inayobeba makosa hayo yote.

Kuhusu waya, achana na bainda. Ni chuma laini chenye ukinzani mdogo, na mara nyingine hupakwa zinki, ambayo mvuke wake ukivutwa huleta homa na maumivu ya kifua. Waya wa jiko la umeme unaweza kuwa wa nikromu (mchanganyiko wa nikeli na kromi), lakini hujui ni mchanganyiko gani, umeungulia mafuta na vyakula kwa miaka mingapi, wala umekonda kiasi gani. Shaba ya mota ndiyo mbaya kuliko vyote: kipande cha sentimita 8 chenye unene wa nusu milimita hakifikishi hata sehemu moja ya mia ya omu, na hiyo ni shoti kamili. Tafuta waya uliotengenezwa kwa kazi hii, wa Kanthal (mchanganyiko wa chuma, kromi na alumini) au wa nikromu 80 (yenye nikeli asilimia 80), wenye unene ulioandikwa. Kanthal ya geji 26, ambayo unene wake ni milimita 0.4, ina takriban omu 11 kwa mita. Ukiuzungushia mara saba kwenye msumari laini wa milimita 3, pamoja na miguu yake utakuwa umetumia kama sentimita 8.5, nayo itakupa karibu omu 0.95. Ukifunga koili mbili za namna hiyo ubavu kwa ubavu, ukinzani hauongezeki bali hushuka hadi nusu, karibu omu 0.48, kwa kuwa umeme umepata njia mbili za kupita. Hapa ndipo vijana wengi wanapoponzwa: mtu anafunga koili mbili za omu 0.3 akidhani amepata 0.6, kumbe amepata 0.15, na betri inadaiwa ampea 28.

Kabla ya kuweka betri, pima. Kama huna kipimo maalumu cha koili, nenda kwa fundi simu mwenye mita, lakini mwambie kwanza agusanishe ncha mbili za mita yake na asome namba inayotokea. Nyaya za mita zina ukinzani wake, mara nyingi omu 0.2 au zaidi, na namba hiyo lazima itolewe kwenye kipimo cha koili. Usipofanya hivyo, mita itakuonyesha 0.4 wakati koili yako ni 0.2. Kosa hilo huangukia upande wa hatari siku zote, kwa sababu hukufanya uamini kuwa una ukinzani mkubwa kuliko ulio nao. Kipimo kikirukaruka, skurubu imelegea au mguu wa koili umegusa ukuta. Usiwashe mpaka kitulie.

Mambo mawili ya mwisho kwako. Gamba la betri yote, hadi karibu na kichwa chake, ni upande hasi, na kinacholitenganisha na kichwa ni kipete chembamba na ngozi ya plastiki. Ngozi hiyo ikichanika, ibadilishe siku hiyo hiyo. Pia hakikisha kichungio cha juu, yaani sehemu inayoshika koili, kina pini ya katikati inayochomoza vya kutosha, maana ikiwa fupi, ukingo wa kichungio hugusa betri moja kwa moja na kuleta shoti hata kama koili yako ni nzuri. Wewe ni dereva wa bodaboda, mfuko wako una funguo na sarafu za chenji. Betri ya akiba isikae humo hata dakika moja. Iweke kwenye kasha la plastiki. Niliwahi kuletewa mezani suruali iliyoungua paja zima kwa sababu ya betri moja na funguo mbili, na kijana aliyekuwa ameivaa alitembea kwa shida kwa wiki kadhaa.

Niseme wazi pia kwamba usalama ninaouzungumzia hapa ni wa umeme na moto. Nikotini inabaki kuwa nikotini, hushika mtu, na mapafu hayakuumbwa kupokea kitu kingine zaidi ya hewa. Umeacha sigara, nakupongeza kwa dhati. Ukiweza kushuka hadi kuiacha na hii, nitafurahi zaidi.

SWALI: Ndugu Fundi, niko Njombe mjini. Kifaa changu kina kioo na kinaongezwa wati. Koili ni ya kununua, omu 0.5, imeandikwa wati 20 hadi 30, nami naitumia kwa 45. Mchana iko sawa, lakini asubuhi za Juni na Julai nikivuta napata ladha ya kuungua inayokwaruza koo. Je, koili ni mbovu?

JIBU: Koili si mbovu; unaichoma wewe, na baridi ya Njombe inakusaidia kuichoma. Juisi ya vifaa hivi ina gliserini, ambayo huwa nzito inapopoa, kama asali inavyokuwa asubuhi. Pamba iliyo ndani ya koili, inayobeba juisi, hainywi haraka, na ukibonyeza kwa wati 45 unakausha pamba kabla juisi mpya haijafika. Ladha hiyo isivumiliwe. Pamba na juisi vikipata joto kupita kiasi huvunjika na kutoa kemikali kama formaldehidi na akrolini, na koo lako linafanya kazi yake linapokukataza.

Shusha hadi wati 25, kipashe kifaa mkononi kwa dakika chache, na usivute mfululizo. Pamba iliyokwisha kuungua haiponi, hivyo weka koili mpya na uiache dakika kumi ilowe juisi kabla ya kuiwasha.

Wengi hudhani kwamba kwenye kifaa chenye kioo omu za koili ndizo zinazoamua mzigo wa betri, kama kwa mdogo wetu wa Mwanjelwa. Sivyo. Humo saketi inasimama katikati, na betri inadaiwa wati ulizoweka. Wati 45, betri ikiwa imeshuka hadi volti 3.2 na saketi ikipoteza sehemu ya kumi, ni karibu ampea 16. Na kadiri betri inavyoisha ndivyo ampea zinavyopanda.

SWALI: Mimi ni mama mwenye duka dogo Kihesa, Iringa. Mteja ameniagiza waya wa nikeli na wa titani kwa ajili ya koili. Nimletee?

JIBU: Dada yangu, muulize kwanza kifaa chake ni cha aina gani. Nikeli na titani ni za vifaa vyenye uwezo wa kudhibiti joto tu, ambavyo husoma jinsi ukinzani wa waya unavyopanda unapopata moto, kisha hupunguza nguvu. Kwenye bomba lisilo na saketi, ukinzani wa nikeli ni mdogo mno kwa betri. Titani nayo haitakiwi kabisa kuwashwa ikiwa kavu hadi iwe nyekundu. Akishindwa kukujibu, mwuzie Kanthal, na kila kipande ukiandikie jina na unene wake kwenye karatasi, kwa sababu nyaya hizi zikichanganyika mezani hakuna jicho linaloweza kuzitofautisha.